Bunda Mbili za Dagane

Mghanga alipopelekwa Garissa kufundisha Kiingereza, mama yake kule Wundanyi aliwatangazia watu wa kanisani kwamba mwanawe yuko ng'ambo. Hakukosea sana. Mji wenyewe ulikuwa ng'ambo ya mto Tana, na wenyeji walikuwa wakimuuliza, "Maalim, unarudi Kenya lini?" kana kwamba hapo walipokaa ni nchi nyingine. Mwanzoni alibishana nao. Ilipofika mwaka 1966, vita vya serikali na waasi wa porini vikiwa vimepamba moto na gari haliondoki mjini bila msafara wa askari, aliacha ubishi akaanza kujiuliza swali hilohilo.

Uhamisho wake ulikubaliwa mwaka huo. Zilibaki wiki chache za kufundisha, na kibali kimoja cha kusafiri ambacho sharti kitiwe saini na ofisa wa kizuizi cha barabarani. Basi akawa mtu wa kuamka na kulala na sanduku lake, analifunga, analifungua, analifunga tena.

Tumpe haki yake: alikuwa mwalimu hodari. Ila alikuwa na maringo ya matamshi. Watoto wa pale walikuwa wakiitamka p kama b, na yeye hakuivumilia b hiyo hata kidogo. Aliwapa kipande cha karatasi wakishike mbele ya midomo. Ukitamka p sawasawa, karatasi inatikisika. Isipotikisika, unarudia mpaka mate yakauke.

Mwanafunzi wake sugu hakuwa mtoto. Alikuwa Dagane, muuza maji, mtu mzima mwenye ndevu zilizotiwa hina, aliyeteka maji mtoni na kuyaleta shuleni kwa punda wake wawili. Alikuwa akimaliza kumimina maji anasimama dirishani kusikiliza. Mwishowe aliomba afundishwe, na Mghanga akawa anamfundisha barazani jioni. Kiingereza kiliingia kidogokidogo. P haikuingia kabisa, hata kwa Kiswahili.

Siku moja Mghanga alimwita mbele ya darasa awe mfano. Akamuuliza maji yanaletwa na nani. "Bunda," alisema Dagane, karatasi imetulia tuli mbele ya mdomo. Darasa likaangua kicheko, ingawa hakuna hata mmoja mle ndani aliyeweza kutamka zaidi ya hapo. Tangu hapo Mghanga akambandika jina la Mzee Bunda, na Dagane mwenyewe alicheka kuliko wote.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mghanga alikuwa ndani ya kibanda cha kizuizini, ofisa ameshika kalamu juu ya kibali chake, askari walipomwingiza Dagane mlangoni. Alikuwa ameonekana akitoka kichakani upande wa juu wa mji, mahali palipopigwa marufuku. Ofisa alikuwa mgeni, ametoka bara mwezi uleule, na kila kichaka kilikuwa kikimtia wasiwasi.

"Ulipeleka nini huko?"

"Bunda, afande. Bunda mbili."

"Mabunda mawili ya nini?"

"Ya maji."

Ofisa aliwatazama askari wake. "Tangu lini maji yakafungwa mabunda? Yako wapi sasa?"

"Iko kule. Nimefunga kwa mti."

"Umemfungia nani? Ni risasi?"

Dagane aligeuza macho. Alimwona Mghanga kwenye kona ya kibanda, akamkazia macho kitambo, akarudia polepole, kwa bidii, midomo imebanwa kama ya mtu anayepuliza moto: "Bunda."

Mjini kote hapakuwa na mtu aliyelijua neno lile kumshinda Mghanga. Lilikuwa mzaha wake mwenyewe. Ilitosha aseme, afande, anasema punda. Lakini kalamu ilikuwa bado haijagusa karatasi, na aliogopa akimtetea mtu huyu ataulizwa amemjuaje. Akainamisha kichwa akatazama viatu vyake. Kalamu iliandika. Dagane alichukuliwa.

Askari walikwenda kuyatafuta mabunda. Waliwapita punda wawili waliofungwa mtini wakila majani, hawakuwatazama mara mbili, wakarudi mikono mitupu. Hilo nalo likawa ushahidi: mzigo umeshachukuliwa na wenyewe. Dagane akatiwa ndani ya boma la seng'enge.

Kesho yake maji yaliletwa na mkewe, Batula. Aliyamimina, akafunika pipa, akasimama mbele ya Mghanga. "Maalim, wewe unajua maneno yao. Enda useme. Sisi hatuna mtu mwingine."

"Nitaona, mama," alisema Mghanga.

Akaona kweli. Aliona haya kunywa maji yale, akayanywa. Darasani aliona haya kushika karatasi, akawafundisha watoto kusoma kimyakimya mpaka wakashangaa. Batula alirudi kila siku, hakuuliza tena, na kule kutouliza kulimuumiza zaidi. Siku moja alijikaza akaenda mpaka mlango wa boma. Mlinzi akamuuliza, "Shida gani, mwalimu?" Mghanga akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Nimekuja kuulizia msafara." Alirudi nyumbani akijichukia, akafunga sanduku.

Asubuhi ya safari alikuwa amesimama kando ya malori, kibali mkononi, alipomwona Dagane anakuja akichechemea, kamba za punda begani. Walikuwa wamemwachilia jana yake bila kumweleza neno. Amekonda, jicho moja limevimba. Alimsalimu kwa heshima zote, akaulizia mama yake Wundanyi, halafu akanyoosha mkono. "Niba karatasi, maalim."

Karatasi iliyokuwapo ni kibali. Mghanga akampa. Dagane alikishika mbele ya mdomo, akavuta pumzi.

"Punda."

Kibali kilitikisika. Akarudia mara ya pili, kikatikisika tena, naye akatabasamu kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Kule ndani sikuwa na kazi ingine. Kila siku nilisema hii tu." Kisha akashusha sauti ili askari wasimsikie. "Siku ile nilikuona bale ndani. Nilijaribu sana, lakini mdomo ikakataa. Ulinifundisha muda yote hiyo, halafu nikakuaibisha mbele ya afande, mbaka ukaangalia chini. Nisamehe, maalim."

Mghanga alifungua kinywa. Neno alilotakiwa kumrudishia lilikuwa hilohilo, nisamehe, na halina p ndani yake. Mtu yeyote angeweza kulitamka. Askari wakaita watu wapande.

"Umetamka vizuri, mzee," alisema, akachukua kibali chake, akapanda lori.