Taa Nne za Kibodi

Kaka yangu ni fundi wa kompyuta za zamani, zile kubwa za Unix ambazo vijana wa siku hizi wakiziona wanadhani ni jokofu. Ana mikono miwili: mmoja wa kushika bisibisi, mmoja wa kupiga watu. Simsingizii. Mimi ndiye niliyemfuata kuzaliwa, nimekula makofi yake kabla sijajua kusoma, na mpaka leo akinyanyua mkono kujikuna kichwa mimi nafumba macho.

Hakuanza yeye. Baba yetu alikuwa na mkanda uliotundikwa nyuma ya mlango, na kaka ndiye alikuwa wa kwanza kuuonja kwa sababu ndiye mkubwa. Akakua hivyo. Muuza vipuri mmoja alimpa diski mbovu, akamvunja pua. Printa iliyomshinda aliipiga teke ikabingirika ngazi za ghorofa mbili. Mkewe alivumilia miaka sita, akarudi kwao mkono ukiwa kwenye plasta, na kaka akatuambia sote kwamba mwanamke yule alikuwa na kiburi. Mafundi wenzake wakambandika jina la Nondo, naye akalipenda.

Lakini kazi anaijua, hilo sitamnyima. Na ana jambo moja la heshima: kuhusu mashine hasemi uongo. Akikosea anasema nimekosea mimi, awepo nani asiwepo nani. Ndiyo maana wateja walimvumilia, na ndiyo maana meneja wetu alimwamini kuliko alivyotuamini sisi tunaoamka kila siku kumfanyia kazi.

Kiwandani kwetu tunakata mabati. Mimi natunza stoo. Mume wangu anaendesha mashine ya kukatia, na mashine hiyo haikati hata sentimita moja bila michoro inayotoka kwenye kompyuta ya Unix ambayo sote tuliikuta pale. Tunaiita Bibi. Bibi huzimwa Jumamosi mchana, huwashwa Jumatatu asubuhi, na kwa miaka tisa anayebonyeza swichi yake ni mume wangu peke yake.

Jumatatu moja aliiwasha saa mbili. Feni ikavuma, skrini ikabaki nyeusi. Akasubiri, nyeusi. Alipokuja stoo kuniambia, midomo ilikuwa imemkauka, na nilijua kwa nini. Ijumaa aliomba ruhusa ampeleke mama yake hospitali, akanyimwa, akatoka ofisini akibamiza mlango na kusema, "Mtanikumbuka nyie!" Nusu ya kiwanda ilisikia.

Meneja naye alisikia. Alirusha kikombe ukutani, chai ikamrukia karani, akaita walinzi wawili. Walinzi wetu wana kachumba kao pembeni mwa geti. Mwaka jana mpakiaji mmoja aliyeshukiwa kuiba nyaya aliingia humo kwa miguu yake, akatolewa kwa toroli. Nyaya zenyewe zilikuja kuonekana stoo kwangu, nyuma ya mapipa. Hakuna aliyemwomba radhi.

"Nondo yuko njiani," meneja aliwaambia walinzi. "Akisema mashine imekufa yenyewe, yamekwisha. Akisema imeuawa, huyu ni wenu."

Kaka alipotukuta sote mbele ya Bibi, nilishusha pumzi. Nilijiambia huyu ni damu yangu, hawezi kumtosa mume wangu. Mjinga mimi.

"Umegusa nini?" alimuuliza, hata salamu hakuna.

"Sijagusa kitu, shemeji. Nimewasha tu kama siku zote. Ila zile taa nne za kibodi, leo hazijame—"

Kofi lilitua kwenye sikio la kushoto, la kiganja kizima. Mume wangu alianguka juu ya benchi, benchi likaanguka naye. Alipoinua kichwa, damu ilikuwa inatoka ndani ya sikio, uzi mwembamba ukishuka shingoni.

"Nimekuuliza umegusa nini! Nani kakuuliza habari za taa?"

Nilimrukia kaka kucha mbele. Nilimpata shavuni kabla mlinzi hajanisukumia rungu tumboni nikakaa chini bila kupenda. Meneja akasema kelele zikome, fundi afanye kazi.

Fundi akafanya kazi. Alizima, akawasha. Akabadilisha waya wa skrini, akaleta skrini nyingine, nyeusi vilevile. Akafungua mfuniko, akachomoa vibao vya kumbukumbu kimoja kimoja, akavifuta, akavirudisha. Akapima umeme na mita yake, ukawa sawa. Kila skrini ilipogoma aliikata Bibi umeme kwa hasira, na kila alipoikata, mlinzi mmoja alimgonga mume wangu rungu la goti, eti akumbuke alichofanya. Hakuwa na cha kukumbuka. Baada ya goti la pili aliacha hata kulia, akawa anashika sikio tu. Nilimwomba kaka awaambie waache. Hakugeuka.

Ilifika saa tano. Kaka alikuwa ameinama juu ya mashine iliyo wazi, jasho likimdondoka, mkono tayari kwenye swichi. Kisha mkono ukasita; ndani ya Bibi kitu kilikuwa kikikwaruza.

"Diski inasoma," alisema peke yake.

Mashine iliyokufa haisomi diski, hata mimi wa stoo najua. Alitoa waya kwenye mfuko wake wa vifaa, upande mmoja akauchomeka kwenye tundu la nyuma ya Bibi, upande wa pili kwenye laptopu yake, akawasha upya. Maneno yakaanza kumiminika kwenye laptopu. Nilisimama mgongoni kwake, tumbo likiniuma, nikasoma mstari wa kwanza. Ulisema kibodi haionekani, kwa hiyo mazungumzo yote yanahamia tundu la nyuma. Huko chini zaidi ilikuwa inalalamika kwamba imekatwa umeme vibaya, diski inahitaji kukaguliwa, na inangoja mtu aandike neno la siri.

Bibi alikuwa mzima. Alikuwa akizungumza tangu saa mbili asubuhi, sisi tunaangalia mbele na yeye anasemea nyuma. Mashine hizi, zikiwaka bila kuona kibodi, hujihesabu hazina mtu kitini, na skrini haziigusi tena. Kibodi ikionekana, taa zake nne humeta mara moja. Haya yote kaka ndiye aliyemfundisha mume wangu, mezani kwetu, akila chakula nilichopika mimi.

Alifuata waya wa kibodi kwa vidole mpaka nyuma ya meza. Plagi ilikuwa imechomoka nusu. Meza ilikuwa imesukumwa mpaka ukutani, rangi ya ukuta imekwanguka, vumbi lake jeupe bado liko sakafuni. Nikamwona kaka anakumbuka. Jumamosi, Bibi akiwa ameshazimwa, alipita kukagua akakuta mume wangu amefuta vumbi la feni bila kumuuliza. Akaipiga ile meza ngumi mbili, ikaruka na kugonga ukuta. Nilikuwepo, nilidhani hasira imeishia kwenye meza.

Alisukuma plagi ikakaa. Akaandika neno la siri, akaiacha diski ikaguliwe, akajibu ndiyo kila ilipouliza irekebishe. Akawasha mara ya mwisho. Taa nne zikameta, skrini ikajaa mwanga, watu wakapiga makofi. Wengine walipiga mluzi.

"Fundi wangu!" meneja alisema. "Haya, ilikuwa nini?"

Walinzi walimwinua mume wangu kwa kola, tayari kwa safari ya getini. Kaka alijipangusa uso kwa mkono wa shati. 

"Niliichomoa mimi," akasema. "Jumamosi, nilipopiga meza. Yeye aliniambia asubuhi, hata mfuko sijafungua. Ingechukua dakika moja."

Walinzi wakaachia kola. Meneja akakohoa, akasema basi, kazini jamani, kazini, na watu wakatawanyika haraka kama vile hawakuwa wakishangilia.

Kaka akaenda akachuchumaa karibu na mume wangu, upande wa kushoto, mdomo unakaribia kugusa sikio lile alilolipiga. Nilikuwa hatua mbili tu.

"Nisamehe, shemeji," alinong'ona. "Nisamehe."

Neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Mkewe hakulipata, mama yetu alikufa hajalipata. Akangoja. Mume wangu alikuwa anatazama sakafu na goti lake limevimba, hata hakutikisa kichwa. Kaka akadhani amekataliwa. Akainuka, akafunga mfuko wake, akatoka bila kuaga mtu.

Ndipo mume wangu aligeuka, kama aliyehisi pumzi shingoni, akakuta hakuna mtu.

"Kulikuwa na mtu hapa," alisema kwa sauti kubwa mno. "Kaka yako? Amesema nini?"

Ningeweza kumwambia. Niliangalia ile damu imekauka kwenye kola ya shati nililolipiga pasi asubuhi.

"Hajasema kitu," nikamjibu.