Isale kwa Ukuta Uliolowa

Masika yale ukuta wa chumba chetu cha kulala, hapo Njoro, uliota kuvu mpaka nikaona aibu kuingia bila jembe. Gata la kukinga maji ya paa lilikuwa limeng'oka upande mmoja, na maji yote ya Kilimanjaro, nakuapia, yaliteremkia pale pale.

Mimi ningevumilia, mashati yangu yalishanukia uyoga, nikayazoea. Lakini mke wangu ana pumu. Alikuwa analala ameketi, ameegemea mito, anavuta pumzi kama mtu anayevuta ng'ombe mkaidi. Akaniambia wazi: ukuta usipokauka, anarudi kwao Uru.

Baba mwenye nyumba, naye mzee wa Uru huko huko, akashuka kuja kutazama. Akasimama katikati ya chumba, akanusa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hili ni jasho lenu. Mnapika, mnaoga, mnapumua. Nyumba yangu ilikuwa kavu kabla hamjaanza kupumua."

Nikamweleza habari za mvuke na ubaridi, yote niliyoyavuna shule ya jioni. Akanisikiliza kwa upole, kisha akatoa sheria: nje ni kwake, ndani ni kwetu, na kuvu iko ndani.

"Na maji yanatoka wapi, mzee?"

"Mbinguni, mwanangu. Huko sijapangisha."

Akapaka rangi juu ya kuvu. Kwa wiki moja tuliishi ikulu. Kisha kuvu ikachomoza upya, safari hii imependeza zaidi, imejipaka krimu.

Nikaapa kwenda baraza la kata. Habari zikamfikia kabla sijavaa viatu. Jumapili baada ya ibada akaja, na fundi hakumleta. Kaleta majirani wawili na jani la isale. Kwetu Uchagani mtu akikuletea jani hilo kuomba msamaha, hukatai, hata kama amekuchomea nyumba. Akalishika kwa mikono miwili, akalia kidogo, kwa ustadi.

"Nimekukosea, mwanangu. Ukuta unalowa, nami nimekaa kimya. Pokea, yaishe."

Nikapokea. Ningefanyaje? Majirani wakapiga makofi, mzee akafuta macho na kuuelekea mlango. Kesi imekwisha, na huko nje gata linamwaga.

Mke wangu ndiye aliyemzuia, anahema kila baada ya neno.

"Baba, subiri. Isale huletwa na nani?"

"Na mwenye kosa, mama."

"Kosa gani?"

Mzee akawatazama majirani. Majirani wakautazama ukuta.

"La... ukuta," akasema.

"Hilo tumesamehe. Mvua ya kesho ikiulowesha, ni kosa jipya, na mashahidi ni hawa. Utatuletea jani kila mvua? Masika haya utamaliza isale zote za mpaka wa kihamba chako, shamba la ukoo wenu."

Jirani mmoja alicheka mpaka akakalia ndoo ya maji. "Mzee, chifu wetu, Mangi, lete fundi tu!"

Fundi alikuja Jumatatu, akafunga gata, akabandua lipu mpaka kwenye tofali, akapiga upya. Mzee alisimamia mwenyewe, akiwaeleza wapita njia kwamba ndivyo alivyopanga tangu mwanzo. Ukuta ulikauka polepole, kwa kununa. Siku hizi mke wangu analala chali, anakoroma hata bati linatikisika. Asiyepata usingizi ni mimi, na simlalamikii mtu.