Mwano wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, Milembe, hajui kunong'ona. Alipokuja kutoka Shishiyu kunitunza na mimba yangu ya kwanza, haikuchukua muda mtaa mzima wa nyuma ya magodauni ya pamba ukajua kwamba miguu yangu imevimba, kwamba naogopa sindano, na kwamba mwanawe Januarius hajui kusonga hata ugali. Nilimwonea aibu na nilimpenda. Kila siku ya kliniki alitangulia mlangoni, kanga begani, akinihimiza kama ng'ombe anayepelekwa lamboni.

Mtaa wetu hapa Bariadi ulikuwa na shida yake. Vijana wenye mapanga walikaa darajani, na giza likiingia hupiti pale ukabaki na simu yako. Wiki ile walimkata mkono Maganga, dereva wa bodaboda, na tangu hapo hakuna mwenzake aliyekubali kuingia kwetu jua likizama. Hospitali nayo iko ng'ambo ya daraja.

Damu ilianza kunitoka magharibi, Januarius akiwa safarini na lori la pamba. Mama akawapigia simu watu wa bodaboda. Wakamwambia tusubiri asubuhi. Akaitazama damu kwenye shuka, akatoka nje, akapiga mwano.

Mwano kwetu Wasukuma haupigwi ovyo. Ni yowe la kufukuza wezi wa ng'ombe, na ukisikika kila mwanamume hutoka na fimbo yake. Asiyetoka, walinzi wetu wa sungusungu humhesabu kuwa ndiye mwizi. Basi wakaja, wakajaa uani, wakiuliza mwizi kaelekea wapi.

"Hakuna mwizi," mama akasema. "Mkwe wangu anavuja damu. Mbebeni."

Mzee Constantine, mkuu wa sungusungu, aling'aka. "Mayu, mama wewe, umepiga mwano wa uongo! Utatozwa mbuzi!"

"Chukueni hata wawili. Kwanza mbebeni."

Mbuzi alitozwa kweli baadaye, na mama akaenda kumla pamoja nao bila haya yoyote.

Wakanilaza kwenye kitanda cha kamba. Mama akapanga wabebaji, na mguu wa mbele akamkabidhi Mboje. Kila mtu alijua Mboje ni mmoja wa wale wa darajani, ila hakuna aliyethubutu kulisema. Alikuwa ametoka ili naye asihesabiwe mwizi.

Tulipokaribia daraja, jiwe likarushwa kutoka gizani. Wanaume wakasita. Nilijua nikirudishwa nyumbani nitakufa na mwanangu.

"Mboje, mwanangu," mama akapaza sauti mbele ya wote, "waambie wenzako wapishe mjamzito!"

Mboje akapiga mluzi mara moja, akashika kitanda vizuri, tukavuka. Hakuna aliyetugusa.

Nilipasuliwa, nikapata binti. Mboje hakuondoka, alikaa kwenye benchi nje ya wodi. Asubuhi nikiwa kitandani nilimsikia mama akitoka kumwambia kwamba tuko hai wote wawili, na nikamsikia kijana akilia. Mama akamwacha alie mpaka akatulia.

"Umeona mtu anavyopatikana kwa taabu?" akamwambia. "Na yule mliyemkata mkono, naye alizaliwa hivi hivi."