Chungu cha Mwenyeji, Kifuniko cha Wafoinike

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya kuchimbua mabaki ya kale, kilimani karibu na Siongiroi, nilipewa mwiko wa mwashi nikaambiwa nichimbe. Nilichimba kweli kweli! Msimamizi wa Uchimbaji akanijia mbio. "Wewe, hapa hatupandi viazi! Kwaruza pole pole. Udongo ukibadilika rangi, simama, uniite." Kila rangi ni tabaka, yaani kipindi kimoja cha watu kuishi mahali pale. Jioni nilishika kigae changu cha kwanza, kipande cha chungu cha kale, na usingizi ukanipotea kwa furaha.

Nilizunguka Bomet nzima na mwiko huo, hadi Daktari, msomi wa mambo ya kale, mama kutoka Chebunyo aliyekuwa bosi wangu wa mwisho, alipopewa shimo moja alisimamie huko Ureno. Akasema haendi bila mimi. Kazi ilikuwa kwenye mlango wa mto, pale mto unapoingia baharini. Zamani sana Wafoinike, wafanyabiashara waliosafiri kwa merikebu kutoka pwani ya Lebanoni, walitia nanga hapo. Zama hizo hizo wenyeji waliacha vijiji vyao vya vilimani. Wakubwa wa pale walisema wenyeji walifukuzwa, na kwamba nyumba za mtoni zilikuwa za wageni. Daktari alisema hapana, wenyeji walishuka wenyewe kufuata biashara. Alichekwa kwenye mikutano mingi kwa hoja hiyo. Na sasa daraja jipya lilikuwa linakuja kufunika shimo letu, ushahidi na yote.

Tulipofikia sakafu, nyumba ilikuwa ya pembe nne, mtindo wa kigeni kabisa. Wakubwa wakatabasamu. Daktari hakujali. "Ukuta hata fundi wa kukodi anajenga," akaniambia. "Tafuta jiko, ndilo litasema nani aliishi hapa."

Siku ya mwisho mwiko wangu ukagusa udongo mweusi, laini. Majivu! Nikachukua brashi, nikapangusa pole pole. Kikatokea chungu kizito, kimefinyangwa kwa mkono, sawa na vile vya vilimani. Na juu yake kifuniko: sahani nyekundu, nyembamba, kazi ya gurudumu la mfinyanzi, ya Wafoinike! Masizi yalikuwa yamevigandisha pamoja.

"Daktari!"

"Usiguse! Usipumue!" Akaruka shimoni bila ngazi, mama mzima. "Ngai! Hii ni jikoni ya mtu! Huyu nani alimfukuza? Ameshuka na chungu yake, akajinunulia kifuniko!" Akalia, nikalia, tukarukaruka kama watoto, na Mkurugenzi wa pale, mmoja wa wale wakubwa, akaja kumpa mkono.

Usiku ule nilimpigia mama yangu, aliyetoka vilima vya Kisii akiwa msichana kuja kuchuma chai Kericho, asirudi tena. "Mama, tumepata mwanamke kama wewe."

Akasikiliza yote. "Sasa alikuwa anapika nini?"

Nikamwambia masizi yatapelekwa maabara. Nimestaafu sasa, niko Silibwet, magoti yamechoka, lakini nikiona watu wanachimba mtaro wa maji lazima nichungulie. Juzi Daktari akanipigia akipiga kelele: maabara wamepima yale masizi. Nikatoka mbio hadi kwa mama.

"Samaki, mama! Alikuwa anapika samaki wa baharini!"

"Mtu wa milimani?" Akaweka kikombe chini. "Basi alizoea. Hata mimi ilinichukua muda."