Dakika Sitini za Samoni

Mwaka 1998, katika jengo moja la vioo karibu na Porte de Namur, mjini Brussels, watu kumi na wanne walilipwa mshahara mzuri ili waamue samaki wavuliwe lini. Kati ya hao kumi na wanne, aliyewahi kuvua alikuwa mmoja tu, na huyo ndiye waliyempa kazi ya kutuma faksi.

Jina lake Tharcisse Bulambo, mzaliwa wa Uvira. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa kapteni wa boti ya wavu wa kuzungusha katika ziwa Tanganyika. Ni ule wavu mrefu unaozungushiwa kundi la samaki, ukafungwa chini kwa kamba, kisha ukavutwa taratibu hadi kwenye boti. Vita vilipofika Uvira mwaka 1996, wanajeshi waliichukua boti yake bila kujua hata kuielekeza. Tharcisse akaishia Ubelgiji. Mkewe Gracieuse akaishia Kigoma na watoto wawili, kwa mjomba wake Mzee Radjabu, aliyehamia huko zamani na ana boti zake mbili. Alipofika Brussels, karani mmoja wa ajira alimwuliza Tharcisse anajua kazi gani. Akamweleza habari za wavu, kamba, upepo, jinsi ya kulijua kundi la samaki kwa rangi ya maji. Karani alisikiliza kwa adabu zote, kisha akaandika: "Kazi za mikono."

Basi mikono hiyo ikapelekwa Sekretarieti ya Misimu ya Ghuba. Nchi kadhaa za kaskazini zilikuwa na ghuba moja, na ndani ya ghuba kulikuwa na samoni, samaki mnono wa bei. Zilipochoka kugombana zilianzisha ofisi Brussels, mahali pasipo ghuba wala samoni, ili kila nchi iwe mbali na tatizo kwa usawa. Tharcisse aliingia kushika nafasi ya mzee aliyeumia mgongo. Mkataba wake ulikuwa wa muda, mwisho tarehe 30 Juni.

Tarehe hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi. Ili Gracieuse na watoto waje, ilibidi kwanza awe na nyumba ya kutosha watu wanne. Nyumba alikwishaiona, mtaa wa Saint-Josse, vyumba viwili juu ya duka la mapazia. Mwenye nyumba alitaka kuona mkataba wa kazi wa kudumu, hakutaka kuona kitu kingine chochote, na sura ya mpangaji aliiona kwa bahati mbaya tu. Alikubali kungoja mpaka mwisho wa Juni. Naye Madame Mathilde, mkuu wa utawala pale ofisini, alikuwa amemwambia Tharcisse, "Ufunguzi ukipita salama, mkataba wa kudumu utaupata." Ufunguzi maana yake ni siku boti zinaporuhusiwa kuvua. Tangu hapo Tharcisse aliwaombea samoni kanisani kila Jumapili, jambo ambalo hakuwahi kuwafanyia samaki wa Uvira.

Mapema Juni wajumbe walikaa siku tatu kuamua ufunguzi uwe wa muda gani. Wenye boti waliomba siku nzima. Watetezi wa samaki waliomba isiwe hata dakika moja. Siku ya kwanza wakala nyama ya ndama, ya pili wakala bata, na ya tatu, kwa kuwa tiketi za kurudi makwao zilikuwa za jioni ile, wakapatana dakika sitini. Hivyo ndivyo sayansi inavyofanya kazi.

Monsieur Florent, mtaalamu mkuu, ndiye aliyeandika kanuni, na ilitosha kwenye ukurasa mmoja. Boti zivue Jumanne tarehe 16, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa moja asubuhi. Kabla ya hapo hata kamba isiguse maji. Ikigonga saa moja, wavu wote uwe ndani ya boti. Ambao utakuwa bado majini, mwenyewe anashtakiwa. Na tangazo liwe limefika bandari zote tisa kabla ya adhuhuri ya Ijumaa, la sivyo msimu mzima umefutwa.

Ijumaa hiyo, saa nne asubuhi, karatasi ikatua kwenye meza ya faksi. Kutuma faksi hakuhitaji kusoma, lakini Tharcisse alisoma. Alicheka kidogo, akidhani ni rasimu. Alipoona muhuri, kicheko kikakatika, akaenda moja kwa moja kwa Monsieur Florent, aliyekuwa anakunywa kahawa.

"Samahani, Monsieur Florent. Wavu hautatoka kwa wakati."

"Tumepima," alisema Florent. "Kutupa, kuzungusha, kuvuta, dakika arobaini na tano. Tumewapa hata robo saa ya ziada."

"Mlipopima, ndani mlikuwa na samaki?"

"Samaki wa nini? Tulikuwa tunapima wavu."

Tharcisse akaeleza kama anavyomweleza kijana wa siku ya kwanza kazini. Wavu mtupu unakuja upesi, kama shuka la kuanikwa. Wavu wenye samaki ukiuvuta upesi unapasuka. Lazima kwanza uwapunguze samaki kwa nyavu ndogo za mkono, na hapo dakika tisini zinakwisha hata mashine ya kuvutia iwe mpya. "Kwa kanuni hii," alimalizia, "atakayekosa samaki ametii sheria, na atakayepata ni mhalifu."

Florent alimtazama kama mtu aliyesikia lifti inazungumza. Kisha akasema kwa upole, "Niandikie."

Maofisini neno hilo maana yake ni ondoka. Tharcisse hakulijua hilo, akaandika kweli. Nusu ukurasa, kwa mwandiko mzuri wa shule ya mabruda: kinachokatazwa baada ya saa moja kiwe ni kutupa wavu, si kuuvuta, aliyetupa kabla ya saa kufika aachwe amalize, hata akichelewa, ndivyo tulivyofanya Uvira, na samaki hawakwisha. Akatoa nakala moja kwenye mashine iliyo mbele ya Madame Mathilde, akaitia mfukoni, karatasi yenyewe akampa Florent, naye akaiweka chini ya kikombe chake ili meza isichafuke.

"Tharcisse, saa tano na nusu," Madame Mathilde aliita. "Hiyo faksi."

"Lakini madame, hawa watu wakivua…"

"Unataka mkataba, au unataka kuvua?"

Alitaka vyote viwili. Akabonyeza. Bandari tisa, risiti tisa, na kila moja ilipotoka mashine ikalia kwa furaha.

Kesho yake, Jumamosi mchana, alikaa Matonge, mtaa wa Wakongo, na rafiki yake Mwenze, dereva, mtu wa Lubumbashi, aliyekuwa na dawa ya kila tatizo la mwenzake.

"Donc weye, muntu wa faksi, unaenda kurekebisha expert?" Mwenze alisema, akijipigapiga paja. "Ndugu yangu, bale bantu banavuaka samaki ku karatasi. Samaki ya karatasi haikimbiake! Alors weye nyamaza, kamata contrat, leta bibi na batoto. Kisha njo utafundisha."

"Mais wavu itapasuka, Mwenze. Kule mu maji kuko batu kama miye."

"Kama weye? Bale biko na assurance! Wavu ikipasuka, banabalipa!"

Jumanne ilifika, na ufunguzi ukapita kama ulivyoandikwa. Boti ishirini na mbili zilizungusha wavu mahali pasipo na samaki hata wa dawa. Saa moja kasorobo zilikuwa zimemaliza, mabaharia wanakunywa chai, raia wema kabisa. Boti thelathini na nane zilipata samaki, na zote zikaandikwa na wakaguzi kwa kuchelewa. Na kulikuwa na manahodha watatu wacha Mungu, walioitazama saa, wakaona dakika mbili zimebaki, wakakata kamba ili wasivunje sheria. Wavu na samaki wake wakazama pamoja. Habari hiyo ilipofika kwa faksi, Tharcisse alikaa kitini akashika kichwa. Alijua wavu mmoja unashonwa kwa miezi mingapi, na aliumia kama waliokatwa ni jamaa zake.

Jumatano simu hazikunyamaza. Wavuvi walimwaga mapipa ya vichwa vya samaki mbele ya wizara fulani, na waziri, ambaye viatu vyake vilikuwa vipya, alitaka jina la mkosaji kabla ya wiki kwisha.

Alhamisi Madame Mathilde akamwita Tharcisse. Florent naye alikuwepo, amesimama dirishani, ameipenda ghafla barabara iliyo chini. Mezani kulikuwa na karatasi tatu.

"Kanuni ilikuwa na kurasa mbili," Madame Mathilde alianza.

"Moja, madame. Nilituma moja kwa sababu ilikuwa moja."

"Mbili. Ya pili hii hapa."

Tharcisse aliisoma. Kinachokatazwa baada ya saa moja ni kutupa wavu, si kuuvuta. Aliyetupa kabla ya saa kufika aachwe amalize. Yalikuwa maneno yake, koma kwa koma, yamepigwa chapa na kutiwa sahihi ya Florent. Kilichobadilika ni kimoja tu. Pale alipoandika "ndivyo tulivyofanya Uvira," sasa palisomeka "kwa mujibu wa uzoefu wa kimataifa."

Karatasi ya pili ilikuwa barua, imekwisha andaliwa kwa niaba yake. *Mimi niliyetia sahihi hapa chini, kwa kuwa sijui lolote kuhusu uvuvi wa nyavu, niliona ukurasa wa pili hauna maana, nikaacha kuutuma.* Karatasi ya tatu ilikuwa mkataba wa kazi wa kudumu, na sahihi ya Madame Mathilde ilikuwepo tayari, wino bado unang'aa.

"Hakuna atakayekuadhibu," alisema Madame Mathilde. "Mtu haadhibiwi kwa kutojua. Na ile nakala uliyobaki nayo, naomba unipe."

"Ukurasa wa pili umeandikwa vizuri," Florent alisema, bado anatazama barabara. Pengine alidhani anamsifu.

Tharcisse alikasirika mpaka masikio yakapata moto. Majibu alikuwa nayo matatu, yote makali, na mojawapo lilihusu mama yake Florent. Alifikiri angeweza kuitoa ile nakala mfukoni akaenda nayo kwa waandishi wa habari, hata kwa yule waziri wa viatu. Halafu akafikiri vyumba viwili juu ya duka la mapazia, na tarehe 30, na binti yake mdogo ambaye kwenye simu ya mwisho alimwuliza, baba ana sura gani.

Huku Ubelgiji sahihi peke yake haitoshi. Mtu huandika kwanza kwa mkono wake kwamba amesoma na amekubali, *lu et approuvé*, asije akasema baadaye kwamba hakuelewa. Tharcisse aliandika, kwa mwandiko ule ule wa mabruda, akatia sahihi kwenye barua. Kisha akatia sahihi kwenye mkataba, akaitoa nakala mfukoni, akaiweka mezani. Madame Mathilde akampa mkono na kumpongeza. Ijumaa mwenye nyumba aliusoma mkataba mara mbili, akamkabidhi ufunguo.

Jumapili saa nane mchana Tharcisse aliingia kwenye kibanda cha simu, Saint-Josse, kupiga Kigoma. Gracieuse huwa anamngoja kwenye duka moja la simu kule mwaloni, pale boti za uvuvi zinapotua, yeye na wanawake wengine waliotoka Uvira, wengi wao wake na wajane wa wavuvi.

"Allô, Gracieuse?"

"Niko hapa. Contrat iko?"

"Iko. Ya kudumu. Na nyumba iko, funguo niko nayo mu mukono."

Alisikia mkewe analia, kisha anacheka, kisha anafuta pua.

"Mungu wangu! Na bazungu bakakupatia sababu ya nini?"

Tharcisse alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo.

"Sababu… banaona najua mambo ya wavu."

"Bamama! Musikie!" Gracieuse hakuwa anaongea na simu tena. "Bwana yangu anafundisha bazungu kuvua samaki!"

Duka zima likalipuka kwa vigelegele. Tharcisse alifunga macho. Halafu simu ikanyakuliwa, na sauti nzito ya Mzee Radjabu ikaingia.

"Mkwe wangu, hongera sana! Hebu tuambie, hao Wazungu walikuwa hawajui kitu gani?"

"Walikuwa hawajui kwamba wavu ukiwa na samaki unachelewa kutoka, Mzee."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, akawasimulia wenzake dukani, nao wakacheka.

"Hilo tu? Na wewe ukawaambia?"

"Niliwaambia. Niliwaandikia kabisa."

"Na jina lako wameliandika? Maana hawa watu wana tabia ya kuchukua kitu cha mtu wakasema chao."

Tharcisse alitazama ufunguo mkononi.

"Wameliandika, Mzee. Liko kwenye barua, na sahihi nimetia mwenyewe."

"Safi!" Mzee Radjabu alipaza sauti ili wote dukani wasikie. "Jina lake limo!" Vigelegele vikaanza upya, vikubwa kuliko vya kwanza, na Tharcisse akashikilia simu sikioni mpaka kadi ikaisha.