Picha ya Mama Nekesa

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, na hata leo nikiisimulia natazama chini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikihudumu kwenye saiba, duka la intaneti la kompyuta sita, mtaani Lucky Summer, na mdomo wangu haukuwa na breki.

Aliingia Mzee Wafula, fundi viatu wa mtaani kwetu. Alikuwa amefiwa na mkewe, Mama Nekesa, na mazishi yalikuwa Jumamosi kwao Webuye. Alishika kamera ndogo aliyoazimwa na jirani. Alitaka nitoe picha ya marehemu humo, nimtumie mdogo wake yeye Mzee kwa barua pepe, achapishe programu ya mazishi, kile kijitabu cha ibada chenye picha ya marehemu mbele. Unajua vile watu wetu huithamini ile programu. Inakaa ndani ya Biblia miaka na miaka.

"Ni ile ya kitambaa cha manjano," akasema. "Ndiyo ya mwisho kupigwa."

Nikaunganisha kamera. Picha zikajipanga kwa nambari tu, bila sura. Nikaiambatisha ile yenye nambari ya mwisho.

"Kabla hujatuma, nifungulie nimwone," akaniomba.

"Mzee, hii kazi naijua. Na kuna watu kwa laini."

Laini yenyewe ilikuwa watu wawili. Nikatuma.

Wiki iliyofuata alirudi, akaniwekea programu mezani. Jina lilikuwa la Mama Nekesa. Sura ilikuwa ya Mama Kevo, rafiki yake wa chama, mzima wa afya, anacheka. Jirani mwenye kamera alikuwa amempiga baadaye, wala Mzee hakujua, na mdogo wake aliipeleka kwa mchapishaji bila kuifungua. Na Mama Kevo mwenyewe alisafiri kwenda kuzika. Alipewa programu akajiona ameandikiwa apumzike kwa amani, akakaa nyuma amejifunika leso mpaka ibada ikaisha. Watoto wa marehemu waliing'oa karatasi ya mbele kwenye kila programu waliyoipata.

Niliona aibu, mwanangu. Nilimwomba msamaha. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alitoa tu ile kamera mfukoni.

"Sasa nifungulie nimwone, msichana wangu."

Nikafungua. Mama Nekesa akajaa kwenye kioo na kitambaa chake cha manjano. Mzee alivua kofia, akakaa hapo muda mrefu. Siku hiyo foleni ilifika mlangoni, na hakuna aliyenung'unika.

Wewe siku hizi unatuma picha ukitembea. Sikukatazi. Lakini ifungue kwanza, uitazame, hasa ikiwa ni ya mtu mwingine. Na mtu akikuomba dakika moja, mpe, hata kama kazi unaijua kuliko yeye. Mimi nilimnyima Mzee Wafula dakika hiyo, na wanawe wakamzika mama yao wakiwa na sura ya Mama Kevo mkononi.

Mungu akutulize mikono, mwanangu, akupe sikio la kumsikia anayeomba kwa sauti ya chini. Na aibu yangu hii ikomee kwangu, isikufikie wewe.