Mashimo ya Mama Fukia

Jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau. Walimwita Mama Fukia, kwa kuwa hakuna aliyechimba mzizi mbele yake akaondoka bila kuambiwa, "Fukia." Alikuwa mchimba dawa, kama mama yake na bibi yake. Alichimba upande mmoja tu wa mti, akakata mzizi mmoja, akarudisha udongo, akaushindilia kwa kisigino, kisha akatandaza majani makavu juu yake. Ukipita baada ya wiki, hata uwe na macho ya mwewe, hujui kama pamechimbwa. Wajukuu walimtania kwamba bibi akiamua kuwa mwizi, polisi watazeeka wakimtafuta. Kwa kazi hiyo msitu uliutunza ukoo mzima miaka nenda miaka rudi, na haukupungua.

Kumbe kazi hiyohiyo ndiyo ingewachongea.

Ukoo ulipoomba hati ya msitu, ofisi ya ardhi ilimtuma mkaguzi, mtu mpole mwenye buti safi, aje aone kama kweli wanautumia. Mama Fukia ndiye aliyechaguliwa kumtembeza, na alimtembeza kutwa. Hapa nilichimba mwaka jana, pale alichimba mama kabla sijazaliwa. Mkaguzi aliinama, akatazama, akaona majani. Jioni, wakiwa wameketi jikoni kwake, alimsomea fomu. Kwenye nafasi ya dalili za matumizi alikuwa ameandika: hakuna.

"Mama, mimi nakuamini," alisema. "Ila fomu haijui kuamini. Watu wa kampuni ya mbao nao wanauomba msitu huu, na wao wana visiki vya kuonyesha. Narudi Alhamisi. Nionyeshe chochote."

Kulipopambazuka Mama Fukia alishika jembe. Kaka yake alimsihi aache, akamwuliza marehemu mama yao angesema nini. Yeye akashika njia ya msituni. Alichimba siku mbili mfululizo, mti kwa mti, kuzunguka shina zima, akaacha mashimo wazi na mizizi imetumbua macho juani. Mkono ulizoea kurudisha udongo, akawa anaukemea. Alilia, tena bila kujificha, kwa maana aliona aibu mbele ya miti.

Alhamisi mkaguzi alikuja na bwana misitu. Mama Fukia aliwapeleka kwenye mashimo akitangulia, kifua mbele, kama anayewakaribisha nyumba mpya. Bwana misitu aliuchota udongo, akaukuta bado mbichi. Akauliza ni nani aliyefanya haya.

"Ni mimi," alisema. "Sisi ndio tunaoutumia msitu huu."

Bwana misitu aliandika neno kwa neno. Mkaguzi alitazama buti zake.

Majibu walisomewa dirishani, ofisi ya ardhi, na karani aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Ukoo haukuonyesha dalili yoyote ya matumizi ya zamani. Kilichoonekana ni uharibifu wa wiki hiyohiyo, na mharibifu amekiri mwenyewe. Msitu ukabidhiwe kampuni, ambayo ina mpango wa kuutunza, na wakazi wasiukanyage. Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu ulikuwa na meno upande mmoja.

Haukupita mwezi, uzio ukasimama. Mama Fukia alienda getini na jembe lake begani. Mlinzi alimzuia kabla hajasalimia, akamwambia siku za kuchimba zimekwisha.

"Sitaki kuchimba, mwanangu. Nataka kufukia."

Mlinzi alisema hana amri hiyo. Kutoka pale getini mti wa kwanza ulionekana vizuri, shimo lake limejaa maji ya mvua, na majani ya juu yameanza kuwa ya njano. Mama Fukia aliutazama mpaka miguu ikamwuma. Kisha akapitisha mpini wa jembe katikati ya nyaya.

"Basi fukia wewe."

Lilikuwa jembe la mama yake. Mlinzi alilipokea, akaliegemeza nyuma ya kibanda chake, akamwambia aende nyumbani.